Barua Iliyochovywa kwenye Chai

Jumatatu, tarehe 4 Machi

Siku ya arobaini na saba ya ndoa yangu! Nilihesabu alfajiri kwa vidole vyangu vyote na vyake vyote. Havikutosha. Nikamalizia na vifungo vya shati lake lililoning'inia mlangoni. Vifungo saba. Kama vile shati lenyewe lilishonwa kwa ajili ya leo.

Mume wangu. Nimeliandika neno hilo mara tatu, nikafuta mara mbili, lisije likaonekana nalipenda mno.

Naanza shajara. Naichapa hapa hapa dukani, tunapochapia watu barua, saa ya chakula cha mchana. Nyumbani haiwezekani. Tuna vyumba viwili tu nyuma ya duka, na mume wangu hupanga kila kitu, hata vijiko kwa urefu. Daftari angelikuta siku ya kwanza. Kwa hiyo ya leo nimeipa jina "orodha ya vifaa 1" (ya kesho itakuwa 2) na kuitia katika folda ya barua za wateja. Humo mna nyaraka elfu kumi na moja. Nani ataiona?

Aliyenifanya nianze ni Wifi. Dada mkubwa wa mume wangu. Mwalimu wa hesabu, hutembea kama aliyemeza rula. Jana alikuja na albamu ya familia. Kila ndoa ina ukurasa wake, na kila ukurasa umebandikwa barua ya kwanza ya mapenzi. Barua ya kaka yao mkubwa ina maua pembeni. Ya mume wa Wifi ina hoja sita zilizopewa namba. Ukurasa wetu mtupu. Picha moja tu ya harusi, mimi nimefumba macho.

Nikamkumbusha yale niliyoyasimulia mbele ya watu siku ya harusi. Kwamba miaka minne iliyopita kaka yake alikuwa akija hapa kuchapiwa barua za kuomba kazi. Kwamba siku moja, chini kabisa ya barua, aliandika: "Moyo wangu umekuwa mteja wako wa kudumu." Kwamba niliichapa mpaka nukta ya mwisho. Watu walilia siku ile! Mpiga picha alilia, ndiyo maana picha nyingine hazikutoka vizuri.

Wifi akasema hadithi tamu, lakini barua yenyewe iko wapi? Akaongeza kwamba yeye alisikia mimi ndiye niliyemwandama kaka yake, nikimchelewesha makusudi kila akija. (Ni kweli nilikuwa namchelewesha. Hilo ni jambo jingine.) Jumapili atarudi na Mama mkwe, na gundi. Nikiwa sina barua, ataujaza ukurasa kwa mwandiko wake mwenyewe: bibi harusi ndiye aliyeanza. Wajukuu watasoma. Vitukuu watasoma! Nami nitakuwa nimefumba macho milele.

Tatizo ni majina. Nyaraka zetu huwa nazipa majina kwa sura ya mteja. "Shati la bluu." "Mama wa mwavuli." "Kijana mrefu." Wakati ule niliona ni akili nyingi. Leo nimekuta "kijana mrefu" wapo mia mbili na sita.

Lakini mimi si wa kukata tamaa. Asubuhi, kabla ya kuanza shajara hii, nilimwita Fundi wa kompyuta. Mtu wa maneno machache, tunamwita Kimya. Akaniwekea kitu cha ajabu. Hakina picha, hakina vitufe, hata mausi hakitaki. Skrini nyeusi tii, na kistari kinachopepesa kama jicho. Unakiandikia amri. Amri ya kwanza, kinasoma nyaraka zote kwenye folda na kujitengenezea faharasa, kama ile ya mwisho wa kitabu cha jiografia cha kidato cha pili. Amri ya pili, unakipa neno, kinakuonyesha limeandikwa katika barua ipi, mstari wa ngapi. Kilisoma barua elfu kumi na moja kabla sijamaliza kikombe cha chai. Miaka kumi na mbili ya kazi ya vidole vyangu. Nilihisi kama mtu amefungua kabati langu.

Kimya ameniandikia amri zote mbili kwenye kikaratasi. Nimekibandika juu ya skrini. Kesho nampata mume wangu wa miaka minne iliyopita!

Jumanne, tarehe 5 Machi

Nimeuliza "moyo".

Majibu elfu mbili mia tisa na kumi na nne.

Sikujua kwamba watu wa mji huu wana moyo kiasi hicho. Kwa moyo mkunjufu naomba kazi ya ulinzi. Kwa moyo mzito tunatangaza. Mgonjwa ana tatizo la moyo. Naapa kwa moyo wangu wote kwamba mbuzi si wangu.

Nikauliza "nakupenda". Majibu mia tatu kumi na mawili. Nikasoma mpaka chai ikapoa. Yule muuza nyama wa mtaa wa nyuma aliwahi kuwaandikia wanawake watatu mwezi mmoja, maneno yale yale, kabadilisha majina tu. Nami ndiye niliyechapa zote tatu bila kushtuka! Vidole vyangu havina masikio.

Kisha nikafanya alivyonifundisha Kimya. Nikaifunga sentensi yangu yote kwenye alama za kunukuu, nikabonyeza enta, nikafumba macho (mazoea).

Majibu sifuri.

Nikaandika tena polepole, kwa heshima. Sifuri. Chombo hiki kina wivu, nasema. Hakijawahi kupendwa.

Jioni nikafunga duka, nikakaa kidogo peke yangu. Zamani kulikuwa na feni iliyolia kama panya aliyebanwa mlangoni, na kiti cha mteja cha plastiki ya bluu. Printa ilikuwa ile ya sindano, ikichapa unasikia mpaka barabarani. Mume wangu (hakuwa mume wangu, alikuwa mtu tu!) alikaa kwenye kile kiti, karatasi imekunjwa mara nne, akikohoa kikohozi kidogo cha aibu kabla ya kila neno. Nami nilikuwa nachapa kwa kidole kimoja, mimi ninayechapa kwa kumi, ili barua isiishe. Mungu wangu, nilivyokuwa na njama hata wakati ule.

Feni ilikufa. Kiti kiko stoo, mguu mmoja umefungwa waya, kimebebeshwa maboksi ya karatasi.

Alhamisi, tarehe 7 Machi

Jana sikuandika. Nilitafuta siku nzima. Moyo na maji. Moyo na mteja. Mteja na kudumu. Nimepata barua ya malalamiko juu ya moyo wa pampu. Bosi alipita akaniuliza kwa nini wateja wanasubiri. Nikamwambia napanga mafaili. Akanisifu! Ameniita mfanyakazi wa kuigwa. Dhamiri ilinichoma mpaka saa nne hivi.

Basi, kama barua haipo, itakuwepo. Nimepiga moyo konde. Mchana nimeiandika mwenyewe.

Si kughushi. Ni kukumbuka kwa mikono. Nimeanza kama alivyokuwa akianza yeye, "Husika na kichwa cha habari hapo juu", nimeomba kazi idara ya maji, nimetaja elimu ya sekondari na afya njema, na chini kabisa nikaweka: Moyo wangu umekuwa mteja wako wa kudumu. Nikalia kidogo. Jinsi anavyojua kuniandikia, huyu mwanamume!

Nimeihifadhi kwenye folda kwa jina "kijana mrefu 207", nikaichapisha. Kasoro moja. Karatasi nyeupe pe, kama ya leo. Kwa sababu ni ya leo.

Nikaichovya kwenye chai. Sahani ya bati, dakika tatu upande huu, dakika tatu upande huu. Ikatoka na rangi ya miaka minne kamili. Nimeianika nyuma ya kabati la nguo, kwa kibanio. Najivunia.

Ijumaa, tarehe 8 Machi

Sisimizi!

Chai ilikuwa yangu ya mchana. Nanywa na sukari vijiko vitatu. Sikufikiria.

Mume wangu ndiye aliyewaona, wamepanga mstari kutoka dirishani mpaka nyuma ya kabati. Yeye husoma mita za maji, kazi yake ni kufuata bomba mpaka lilikoanzia. Nilimwahi kwa hatua mbili. Nikamwambia ni zawadi, asitazame. Akageuka akautazama ukuta, akakaa hivyo hivyo mpaka nilipomruhusu. Ni mwanamume gani mwingine angeutazama ukuta kwa ajili yangu?

Nimewapangusa sisimizi kwa kitambaa. Mmoja amekauka juu ya neno "moyo". Ukimtazama kwa mbali ni kama nukta.

Usiku wa jana, tukila, nilimuuliza kwa mzunguko. Je, anaikumbuka barua yake ya kwanza kwangu? Akakohoa kile kikohozi. Akasema anakumbuka kiti. Nikamuuliza kiti gani. Akasema kile cha bluu, na feni. Akasema kama natafuta kitu kwenye ile mashine nyeusi, basi nitafute kiti.

Nilicheka mpaka nikapaliwa. Wanaume! Wewe unawauliza mapenzi, wao wanakumbuka samani. Nikambusu kipaji cha uso kwa kumhurumia.

Leo nimekutana na Wifi sokoni. Akauliza barua. Nikamjibu ipo, na si karatasi tu, ipo hata ndani ya kompyuta, mashine inaweza kuitoa mbele ya macho yake ndani ya sekunde moja. Kwa nini nilisema hivyo? Ulimi wangu hutangulia, mimi hufuata nikihema. Wifi akatabasamu kama mtu aliyepewa chaki mpya. Akasema vizuri sana, Jumapili wataanzia dukani.

Jumamosi, tarehe 9 Machi

Karibu niumbuke, lakini akili imeniokoa.

Nimejaribu kuitafuta ile sentensi. Sifuri! Wakati barua nimeiweka humo kwa mikono yangu. Nikamkimbilia Kimya. Akasema maneno sita, kwake hiyo ni hotuba: chombo kinajua kilichokuwepo siku kiliposoma tu. Ya Jumatatu kinayajua. Yaliyoingia baadaye hakiyajui mpaka kiamriwe kusoma upya.

Nimeamuru. Kikasoma folda nzima upya. Kikaniambia nyaraka zimeongezeka kumi na tisa. Barua za wateja wa wiki hii nilizihesabu kumi na nne, ile yangu ya kumi na tano. Nne nyingine sikuzijua. Labda Bosi alichapa kitu. Sikuwa na muda, wali ulikuwa jikoni.

Sikujaribu tena. Mashine ikishasoma imesoma. Kesho nataka nione jibu kwa mara ya kwanza pamoja nao, ili machozi yangu yawe ya kweli.

Barua ya chai nimeipiga pasi. Inanukia tangawizi.

Jumapili, tarehe 10 Machi

Nachapa haya jioni.

Walikuja saa nne. Mama mkwe na kanga yake ya safari, Wifi na albamu na gundi. Mume wangu kavaa shati la vifungo saba. Nikafungua duka, nikawakalisha. Nikatoa barua ya chai kwanza. Mama mkwe akainusa, akasema ina harufu ya nyumbani. Wifi akaishika kwa ncha za vidole, akaigeuza kwenye mwanga, akauliza sisimizi huyu naye alikuwa anaomba kazi?

Nikasema tuiulize mashine, mashine haina upendeleo. Wifi akaomba akae yeye kwenye kibodi. Nikampisha. Hapo ndipo ningezimia kwa hiari yangu, kama ningejua.

Akaandika sentensi ile, herufi moja moja kama anaandika ubaoni. Akabonyeza enta.

Majibu matatu.

Nilikuwa nimeahidi moja. Nikafikiri: mapenzi yameongezeka!

La kwanza lilitoka "orodha ya vifaa 1". La pili "orodha ya vifaa 3". La tatu ndilo "kijana mrefu 207". Wifi akasema ajabu, mapenzi ya kaka yake yako kwenye orodha ya vifaa. Akaifungua ya kwanza. Akaanza kusoma kwa sauti ya darasani.

Alisoma vidole. Alisoma vifungo vya shati. Mume wangu akashika kola. Akafika kwenye aliyemeza rula. Akanyoosha mgongo zaidi, akaendelea. Kisha akafungua ya pili, akasoma dakika tatu upande huu, dakika tatu upande huu.

Mimi nilikuwa nimetazama kikaratasi cha Kimya juu ya skrini. Nilitamani kuwe na amri ya tatu, ya kumfuta mtu.

Mama mkwe, ambaye sikio lake moja ni zito, akauliza ni nini kimechovywa kwenye chai. Wifi akafungua kifuniko cha kalamu, taratibu, akaufungua ukurasa wetu mtupu.

Mume wangu akakohoa.

"Dada," akasema, "kabla hujaandika. Tafuta kiti."

Wifi akamwambia viti vitakuwa vingi. Mume wangu akasema basi aandike yote mawili, "kiti" na "kisisogezwe". Wifi akaandika. Akabonyeza.

Majibu tisa. Yote kutoka kwa mtu mmoja: "mwenye kikohozi". Mwenye kikohozi 1, mwenye kikohozi 2, mpaka 9. Nilimtafuta wiki nzima kwa urefu wake, kumbe siku ile nilimpa jina kwa kikohozi!

Wifi akasoma ya kwanza. Barua ya kuomba kazi ya stoo, ya kawaida kabisa, elimu ya sekondari, afya njema. Chini ya sahihi kuna mstari mmoja:

"Naomba kiti cha mteja kisisogezwe kwenye feni, kibaki karibu na anayechapa. Nitarudi Jumanne."

Ya pili hivyo hivyo. Ya tatu. Zote tisa, Jumanne tisa. Mstari ule aliuandika chini ya kila karatasi aliyoniletea, akingoja niusome. Nami nilichapa kila neno, nikasahihisha hata nukta, na sikusoma hata moja. Kwa sababu sikuwa naitazama karatasi. Nilikuwa namtazama yeye.

Nikasikia feni ambayo haipo.

Akaeleza, huku akitazama viatu. Kwamba akifika nyumbani alikuwa akikata ule mstari kwa mkasi kabla ya kutuma. Mara nane. Mara ya tisa alisahau, barua ikaenda idara ya maji na kiti chake. Siku ya usaili, mkubwa wa pale akamuuliza, hicho kiti kilisogezwa? Akajibu hapana. Akaambiwa mtu anayekumbuka kiti kilipo hatasahau mita ilipo, aje kazini mwanzo wa mwezi. Hakuniambia miaka yote hii. Alidhani nilisoma, nikaona haya kumjibu.

Na ile sentensi yangu ya moyo? Sijui niliitoa wapi. Nadhani niliiota mwenyewe, nikasubiri jinsi alivyosubiri yeye, kila mmoja upande wake wa kibodi.

Wifi akafunga kalamu. Akatumia muda mrefu kukifunga kile kifuniko.

"Basi kaka ndiye aliyeanza," akasema. "Nimekosea hesabu."

Mama mkwe akaniita mwanangu, akanifuta uso kwa ncha ya kanga. Akachagua mwenye kikohozi 1 ibandikwe. Wifi akapaka gundi pembe zote nne, bila pengo. Kisha, huyu mwanamke, akachapisha pia orodha ya vifaa 1 na 3, akazibandika nyuma ya ukurasa, na barua ya chai juu yake. Akasema uthibitisho lazima uwe kamili. Sisimizi yumo.

Walipoondoka tulikwenda stoo. Tukashusha maboksi. Mume wangu akaukaza ule waya wa mguu kwa koleo, nikakipangusa kiti, tukakirudisha pale pale. Akakaa. Akakohoa. Nikachapa mstari mmoja kwa kidole kimoja. Sitauandika hapa.

Jumatatu, tarehe 11 Machi

Siku ya hamsini na nne! Vifungo havitoshi tena, nimeongeza vya suruali.

Nimejifunza mengi kutokana na yaliyonipata. La kwanza, usiri. "Orodha ya vifaa" lilikuwa jina la kijinga. Shajara hii sasa inaitwa "mwenye kikohozi 10". Ipo kwenye folda ile ile, katikati ya nyaraka elfu kumi na moja. Nani ataiona?

Kimya alipita asubuhi. Nikamweleza yote. Hakucheka, aligusa tu kisogo. Ameitengeneza mashine iwe inasoma folda nzima yenyewe kila jioni, nisihangaike tena kuamuru. Mtu mwema sana. Nimeshukuru.

Na Mama mkwe ametuma ujumbe. Chombo kimemwingia moyoni. Anakuja Jumatano na Baba mkwe. Wana ugomvi wa miaka kumi na moja: Baba aliwahi kumkasirisha, akasafiri kikazi, na mpaka leo anaapa kwamba kabla ya kuondoka alichapisha hapa hapa kwetu barua ya kumwomba radhi, akaiacha itumwe. Mama anasema hakuna barua iliyofika, wala haikuandikwa. Wanataka mashine iamue.

Nimetafuta "radhi". Majibu mia nane. Nimetafuta jina lake. Sifuri.

Maskini Baba mkwe. Mzee wa watu, mpole vile. Na kwa miaka kumi na moja yote! Mtu anayejua mapenzi hawezi kukaa akatazama tu. Nimeanza tayari, "Mke wangu mpendwa, kabla sijapanda gari", na inakwenda vizuri, nimelia mara mbili. Kesho naichapisha.

Chai ipo jikoni. Safari hii sitatia sukari.